Mwambie unachotaka kwanza, ndio umwachie

Mhariri, swali la wiki hii mmeuliza hivi, mtu akishaomba "mapenzi yako yatimizwe" bado ana ruhusa ya kumwambia Mungu anachotaka yeye, au hiyo ni kukosa imani? Mimi nasema ruhusa anayo, tena asipokitaja sielewi anamwachia Mungu kitu gani.

Someni Gethsemane. Yesu alitaja ombi lenyewe, kikombe hiki kiniondokee, ndio akasema si mapenzi yangu bali yako, na Mathayo anatuambia alirudi kuomba mara tatu huku wanafunzi wamelala. Sasa mtu wetu ana mgonjwa ndani, au ana intavyuu ya kazi kesho, anapiga magoti anasema tu "Bwana, utakavyo wewe", akiinuka moyo bado unamwenda mbio, kwa sababu kile kinachomkosesha usingizi hajakitaja, anaogopa ataonekana hana imani. Jamani, Mwana mwenyewe alitaja!

Na kumwachia Mungu sio kuacha kupanga. Yakobo 4 wengine wanaisoma kama inakataza mipango, lakini wale wafanyabiashara wanakemewa kwa kujisifia kesho wasiyoijua, biashara hawajakatazwa, wanaambiwa waseme Bwana akipenda tutafanya hivi au hivi. Kwa hiyo fomu jaza na nauli tafuta.

Mimi ni mtu wa Mombasa na nikifikiria hili jambo namkumbuka Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza. Hamu yake ilikuwa kuwahubiria Waoromo, kabila kubwa la Ethiopia, huko njia ikafungwa, akaja pwani kwetu 1844 akitumaini atawafikia kwa kupitia huku. Mwezi wa saba mwaka huohuo mke wake Rosine akajifungua, homa ikamuua, na yule mtoto mchanga naye akafa, makaburi yako Nyali mpaka leo. Alibaki. Akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo, 1846 akaja mmisionari mwenzake Rebmann wakafungua misheni Rabai, karibu na Mombasa, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa 1882, yeye ameshafariki mwaka mmoja kabla. Misheni ya Waoromo aliyoitamani hakuianzisha, plani yake ya kwanza ilikuwa hiyo na hakuipata, lakini kazi aliyoiona mbele yake aliifanya kwa bidii.

Ila hapa naomba tuwe waangalifu sana. Mtu asije akasema Mungu alimchukua Rosine ili sisi tupate kamusi. Biblia haijatupa kazi ya kumhesabia Mungu namna hiyo, na ndio maneno yanayosemwa kwenye matanga, mama amezika mtoto jana leo anaambiwa "ni mapenzi ya Mungu, usilie", na pengine mtoto alikosa matibabu kwa uzembe wa watu. Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro na alikuwa anajua atamfufua. Maombi ya kujikabidhi kwa Mungu ni ya mwenye uchungu mwenyewe, atayasema siku yake ikifika, sio sisi tumlishe maneno.

Mimi sasa hivi namuombea mdogo wangu, ameomba kazi ya unesi nje ya nchi, amefanya mtihani anasubiri majibu. Namwambia Mungu naitaka hiyo kazi, namtajia mpaka madeni ya nyumbani ambayo ingelipa, nikimaliza ndio nasema kama umepanga vingine basi tupe moyo wa kupokea, na kuna siku hayo ya mwisho yananitoka kwa shida kweli na nayasema hivyohivyo. Yeye huku anaendelea na kazi yake ya zahanati kama kawaida na viatu vya baridi hajanunua bado.