Jibu: Kuhamisha kanda za harusi kwenye diski na picha ikabaki nzuri

Assalaam alaykum. Ndugu yetu ameuliza kwa nini kanda tatu za video (VHS) za harusi ya shangazi yake, iliyofanyika Wete, zilirudi kutoka dukani katika diski moja huku picha ikikatika miraba kila ngoma ilipokolea, na kama kazi hiyo inaweza kufanywa nyumbani. Nimekuwa nikihamisha kanda za jamaa zangu hapa Unguja, za harusi na za maulidi, na jibu langu ni kwamba inawezekana. Kwa kanda za harusi ndivyo inavyofaa zaidi, kwa kuwa ndani yake wamo mama zetu na dada zetu katika sherehe za wanawake peke yao, na si haki wakatazamwa na fundi wasiyemjua.

Diski ile imeshindiliwa kupita kiasi. DVD ya kawaida huchukua GB 4.7, na picha yake inaweza kupewa hadi megabiti 9.8 kwa sekunde. Ukikaribia kikomo hicho, diski hujaa kwa muda wa saa moja hivi. Saa mbili bado zinavumilika. Zikizidi sana, programu hulazimika kutupa sehemu kubwa ya picha, na mkanda wa zamani huumia zaidi kwa sababu umejaa chenga, na kila chenga inayobadilika huhesabiwa kuwa kitu kinachotembea, ikala nafasi ambayo ingekwenda kwenye nyuso za watu. Mkanda wa E-180, ambao ni wa saa tatu, ugawe katika diski mbili au zaidi.

Hata hivyo, ubora wenyewe huamuliwa na deki, kabla picha haijafika kwenye kompyuta. Mkanda wa VHS una uwezo wa mistari kama 240 tu ya upana, ilhali DVD ya PAL, yaani mfumo wa televisheni unaotumika kwetu, ina nukta 720 kwa 576, kwa hiyo diski isiyoshindiliwa ina nafasi ya kutosha na kinachopotea hupotea wakati wa kuucheza mkanda. Tafuta deki ya S-VHS (aina ya VHS yenye picha bora zaidi) yenye kifaa cha ndani cha kunyoosha mistari, kwa sababu mkanda uliochakaa hauitoi mistari kwa wakati sawa, ndipo milango na nguzo zikaonekana zinapinda. Deki hizo sasa ni za mitumba tu, maana kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Iunganishe kwa waya wa S-Video, unaopitisha mwanga na rangi kila kimoja peke yake, badala ya ule wa tundu la manjano unaovichanganya.

Kabla ya yote, tazama kidirisha cha mkanda. Unyevu wa visiwa vyetu hauzihurumii kanda zilizofungiwa kabatini masika baada ya masika, na ukiona ukungu mweupe pembezoni mwa utepe, usiutie kwenye deki hata kwa kuujaribu, kwani ukungu hushika hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, na kuhamia kwenye kanda nyingine zilizo safi. Huo mpe mtu mwenye ujuzi wa kuusafisha. Mkanda usio na ukungu upeleke mbele mpaka mwisho na uurudishe, ili tabaka zilizogandana ziachane, ndipo urekodi.

Katika kompyuta, rekodi kwanza faili kubwa lisilobanwa sana, ulihifadhi kwenye diski kuu ya kompyuta (hard disk), kisha utengeneze DVD kutokana na hilo. Picha ya PAL ina fremu 25 kwa sekunde, kila moja ikiwa na nusu mbili zilizosukwa pamoja. Ziache hivyo hivyo, kwani DVD inazikubali, na ukiziunganisha mwendo wa watu hupoteza ulaini wake. Mstari unaochezacheza chini kabisa ya picha umo katika mkanda wenyewe, ila televisheni za zamani ziliuficha. Ufunike kwa weusi, usiivute picha ili kuuondoa.

Ikiwa miongoni mwa kanda za shangazi yako umo uliotumwa na jamaa walioko Marekani au Kanada, huo ni wa NTSC, mfumo wa televisheni wa huko, wenye karibu fremu 30 kwa sekunde. Uucheze kwa deki inayotoa NTSC halisi na uutengenezee diski ya NTSC, maana ukiulazimisha kuwa PAL mwendo wake utakuwa wa kushtukashtuka.