Gari likilia, sikiliza kabla ya kufungua

Wadogo zangu mnaoanza gereji, gari likiletwa kwa sababu ya mlio, msikimbilie spana. Muulize kwanza mwenye gari linalia lini: akikanyaga breki, akikata kona, akiongeza mwendo, au asubuhi tu? Kisha panda naye mzunguko mmoja, redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Vipuri vingi vinanunuliwa bure kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mlio mwembamba unaokuja akikanyaga breki, mara nyingi ni pedi zinaisha. Nyingi zina kijibati kilichowekwa makusudi kiguse diski nyama ya pedi, ile sehemu inayolika, ikibaki milimita 2 au 3 hivi. Akiupuuza, unageuka kusagika kwa chuma na chuma, na hapo diski nayo inaliwa. Ila gari lililolala kwenye mvua likalia breki mbili tatu za asubuhi na kunyamaza, hiyo ni kutu nyepesi tu juu ya diski. Tafadhali usimuuzie mtu pedi kwa hilo.

Ukishafungua, linganisha pedi zote mbili za gurudumu lile. Ya ndani ikiwa imebaki chuma na ya nje bado ina nyama, tatizo liko kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski: pini inazoteleza juu yake zimeganda au pistoni inayosukuma pedi hairudi. Ukibadilisha pedi peke yake, mteja atarudi na mlio uleule, na atakuwa na haki ya kukasirika. Chomoa pini, zisugue kutu, kagua vimpira vyake kama vimepasuka, upake grisi maalumu ya breki. Grisi ya beringi huvimbisha mpira, na pini inaganda tena. Ukimaliza, pini isukumike kwa kidole. Wakati wote huo kalipa ifungwe kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira unaopitisha oili ya breki. Na vumbi la breki usilipulize kwa upepo. Lifute kwa kitambaa kibichi, mapafu ni yako.

Mvumo unaopanda na mwendo hata breki zisipoguswa, shuku beringi. Ukikata kushoto uzito unaegemea kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, anza na beringi ya kulia. Tairi zilizoliwa vibaya huvuma vilevile, hivyo pitisha kiganja juu yake kwanza. Piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: isipocheza tena, ni beringi, ikiendelea, tazama boljointi, kile kiungo cha mviringo kinacholiruhusu gurudumu kupinda. Kisha achia breki, zungusha tairi huku mkono mmoja umeshika springi; beringi mbovu utaihisi ikikwaruza vidoleni.

Ta-ta-ta ya usukani uliokatwa hadi mwisho ni sivijointi, kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu, hiyo haisumbui kuijua.

Kwa magari ya barabara za changarawe, kagua pia lile bati la nyuma ya diski. Kajiwe kakinasa pale, kelele yake inatisha kuliko ubovu wowote. Katoe kwa bisibisi, nyoosha bati, umwambie mteja ukweli na umtoze ufundi tu.

Kabla gari halijatoka, pampu pedali mpaka iwe ngumu, maana baada ya kurudisha pistoni ndani ya kalipa breki ya kwanza huzama hadi chini. Kaza nati za gurudumu kwa kupishanisha, na umwombe mteja apite zikaguliwe tena akishatembea kama kilomita 50 hadi 100.