Ankara zisikukeshe
Unasema umeajiri wasaidizi wawili, lakini ankara zote bado unaziandaa mwenyewe usiku kwa sababu "wanakosea". Ndugu yangu, wanakosea kwa kuwa utaratibu uko kichwani mwako tu. Anza na hizohizo ankara. Andika hatua zake kwenye karatasi moja, kisha keti pembeni, mmoja wao aandae tatu mbele yako, nawe usiguse kibodi (hapo ndipo penye kazi!). Mwekee na mipaka: punguzo hadi asilimia 5 aamue mwenyewe, likizidi akuulize. Mimi nilisahau hilo, nikawa napigiwa simu kutwa nzima. Wiki ya kwanza kagua zote, baadaye chache tu, kwa kushtukiza. Malipo ya benki usimwachie kwanza.