Santuri Inayoruka Pale Pale

SWALI: Shikamoo Babu Santuri. Bibi yetu ametuachia gramafoni ya kukaza kwa mkono na santuri kumi na moja. Mojawapo ni "Kijiti" ya Siti binti Saad. Kila nikiipiga, sindano inaruka pale pale, karibu na mwanzo. Mjomba anasema mkoloni aliupiga marufuku wimbo huo, akaamuru santuri zikwaruzwe. Ni kweli? Na mbona bibi alikuwa akitutoa ukumbini kila alipoupiga?
Mjukuu, Tanga

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mjomba wako mwache na hadithi zake. Mkoloni aingie ukumbini kwa bibi yako na msumari? Mkwaruzo huo, kwa akili yangu, ni wa bibi mwenyewe.

Nakwambia hivyo kwa kuwa nyumbani kwetu tulikuwa na santuri yenye kidonda mahali hapo hapo. Mama alikuwa akisuka ukili huku anasikiliza. Likikaribia neno "foliti", na sisi watoto tupo, anainua mkono wa gramafoni kwa kidole na kuushusha mbele kidogo. Sindano ya chuma ikiangushwa hivyo mara mia, mfereji wa santuri unakatika. Mkaguzi wa nyimbo kwetu alikuwa na kanga na miyaa ya ukili mapajani.

Foliti unaijua, ni ule mchezo wa kufukuzana. Siti anaimba kwamba Kijiti alimchukua mgeni akamchezesha foliti. Mgeni huyo alikuwa mwanamke mja mzito, aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja. Kijiti alimwingilia kwa nguvu, akamuua, kisha akavuka bahari kukimbilia bara. Kesi ilipofika mbele ya hakimu, walioadhibiwa ni wanawake waliotoa ushahidi, eti kwa kuwa walinunua pombe ya karamu. Yaani muuaji yuko ng'ambo, mashahidi ndio wanaokiona cha moto. Hapo ndipo kejeli ya wimbo ilipo. Hilo foliti ni sitara tu ya jambo zito.

Serikali ingeuzimaje? Mwaka 1928, Siti na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi, Redio Unguja ilikuwa haijazaliwa. Santuri ilinunuliwa dukani, ikapigwa barazani, na asiye na gramafoni akasikiliza kwa jirani. Ukitaka kuona wimbo unaozimwa, njoo kwenye zama za redio. Remmy Ongala alipotoa "Mambo kwa Soksi", kuhimiza kondomu wakati ukimwi unatumaliza, Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Watu wakaupata kwenye kaseti, na nadhani walioutafuta waliongezeka kwa sababu hiyo hiyo. Siku hizi kondomu zinatangazwa mchana kweupe.

Lakini "Kijiti" umenigeuka mimi mwenyewe. Ujanani tulikuwa tukicheka. Neno foliti likitajwa vijana tunakonyezana, na wazee wanatukata jicho kwa utovu wa adabu. Juzi nimemwekea mjukuu wangu wa chuo ule alioimba Bi Kidude. Hakucheka hata kidogo. Aliniuliza, "Babu, huyo mwanamke aliitwa nani?" Nikarudia wimbo, nikabaki kimya. Mwuaji tunamtaja kila tukiuomba wimbo, na marehemu tunamwita mgeni. Neno alilolificha mama halimshtui tena mtoto yeyote. Kilichomshtua huyu ni kicheko changu.

Sasa santuri yako. Usimpe fundi akwambie ataziba mkwaruzo, atakula hela yako bure. Badilisha sindano kila upande unapokwisha, na ukifika penye kidonda sukuma mkono polepole kwa kidole. Vumbi lifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Spiriti usiiguse kabisa, maana santuri za zamani zimetengenezwa kwa lakiri na kilevi kinaiyeyusha.