Mwanzo maabarani, masafa baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama somo la matumizi ya kompyuta kwa mwaka wa kwanza chuo kikuu lifundishwe darasani au kwa masafa, mwanafunzi akiwa kwake. Nimelifundisha kwa njia zote mbili. Naanza na maabara ya kompyuta, masafa yafuate, wala si kinyume chake.

Anayesoma kwa masafa anatakiwa afungue akaunti, aingie Moodle, yaani mfumo wa masomo mtandaoni, apakue moduli na apakie kazi yake. Yaani anadaiwa ujuzi uleule aliokuja kuutafuta! Kwa WhatsApp wanafunzi wananishinda, sikatai. Lakini muulize mtu faili aliloandika jana liko folda gani, atabaki anakutazama. Hapo video haifui dafu. Lazima mtu asimame nyuma ya kiti chake.

Darasa nalo tusilipambe. Wakikaa watatu kwenye mashine moja, anayejifunza ni aliyeshika mausi, wenzake wanaandika notsi. Umeme ukikatika, kipindi kimekwisha. Wa masafa mwenye kompyuta yake, au anayeazima ya ofisini, atarudia fomula za Excel, programu ya majedwali na hesabu, usiku hadi zimkae.

Kinachonisumbua kwenye masafa ni kujua kazi kaifanya nani. Nyingine zimepangwa na kijana wa steshenari, tena vizuri mno. Na hata mwenyewe akifanya, PDF, ambayo ni kama picha ya karatasi, inaficha mengi. Mwanafunzi mmoja alijumlisha mauzo ya duka kwa kikokotoo cha simu, kisha akachapa jibu kwenye seli, kisanduku cha jedwali, badala ya kuweka fomula. Ukiitazama karatasi, jumla ni sahihi. Nilipofungua faili lenyewe nikabadili bei ya sukari, jumla haikutikisika. Kwa hiyo nataka faili la Excel, si picha yake.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na mpangilio wa namna hiyo ndio ninaoutaka: wiki mbili tatu za mwanzo kituoni, kila mtu na mashine yake hata kama ni kwa zamu, halafu arudi kwake akaendelee. Mtihani wa mwisho aje aufanyie palepale, mbele ya kompyuta. Bado wapo wanaotahini somo hili kwa kalamu: “Taja hatua za kuhifadhi faili.” Mkaririji anazoa alama zote bila kugusa kibodi.

Mkufunzi, Morogoro