Corolla moja, funguo tatu

Kwa miaka miwili nilitembea na funguo tatu za gari moja: wa swichi, wa mlango wa dereva na wa buti. Mlango wa abiria haukuwa na ufunguo wowote. Mama akisimama juani pale Darajani, mimi najikunja ndani kama pweza ili nimfungulie. Gari ni Corolla ya 1994. Swichi ilikufa, nikafungiwa ya mtumba iliyokuja na ufunguo wake. Mlango uligongwa, ukaja mwengine na ufunguo wake. Ndivyo tunavyofika huko.

Nilidhani dawa ya kupata ufunguo mmoja wa gari zima ni kununua vitasa vipya. Siyo. Ndani ya kitasa cha gari la zamani mna moyo unaozunguka, na ndani ya moyo vibati vyembamba vya shaba vimepangwa mstari, kila kimoja na springi yake. Ufunguo wake ukiingia, vibati vyote vinalala sawa na moyo, unazunguka. Ukiingia usio wake, kimoja au viwili vinabaki vimechomoza na kukwama. Kwa hiyo unachobadilisha ni vibati tu, kitasa kinabaki kilekile.

Tuliifanya kazi barazani kwangu, mimi na fundi wa funguo. Aliomba sinia kwanza. Nikamletea lile la biriani. "Shekhe, springi moja ikiruka hapa kwenye mchanga, leo hatulali," akasema. Springi yenyewe ndogo kama punje ya mchele! Tuliuacha ufunguo wa swichi uwe ndio mkubwa wa nyumba, maana kuitoa swichi ni shughuli zaidi kuliko milango. Kisha moyo wa kila kitasa ukatolewa, ufunguo wa swichi ukatiwa, tukatazama vibati gani vimechomoza. Vile vyengine tukavihamisha nafasi, vilivyokosekana tukavipata kwenye kitasa kibovu alichokuja nacho mfukoni. Usitupe vitasa vibovu.

Kuna mafundi wanaopiga tupa kila kibati kinachochomoza mpaka kilale. Kitasa kitafunguka, naam, lakini ukizidisha tupa hata ufunguo wa jirani utafungua. Kimoja kwa dharura sawa. Vitatu, mkatalie.

Na kabla hujalaumu kitasa, fungua kava la mlango. Mara nyingi ufunguo ukizunguka ovyo bila kufungua kitu, kilichovunjika ni kile kiklipu cha plastiki kinachoshika kifimbo nyuma ya kitasa. Buti langu lilikuwa hivyo hivyo.

Sasa la matunzo, na hapa nina ugomvi. Kitasa kikigoma, watu wanatia mafuta ya nazi, oili ya injini, hata grisi. Siku chache kinateleza, halafu vumbi na mchanga vinaganda humo. Fundi mmoja alinijazia grisi mlango wa dereva. Tulipoufungua mlikuwa na uji mweusi, vibati vimelala kama dagaa kwenye tope. Tia unga wa grafaiti, mkavu. Ukikosa, sugua penseli laini kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Lakini kama kitasa kishakula oili, kioshe kwanza kwa kontakti klina, ile dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, na kikauke, vinginevyo unatengeneza tope jengine.

Ukikaa karibu na bahari, au gari likivuka kwenda Pemba kwa meli, usiache milango mengine ikalala miezi bila ufunguo. Kila Ijumaa kabla ya msikitini mimi nazungusha ufunguo mlango wa abiria na buti, hata kama sina haja. Na punguza mzigo: ule msongamano wa funguo za nyumba, duka na kufuli la baiskeli unaning'inia kwenye swichi na kuila taratibu.

Ukichongesha kopi, peleka ufunguo ulioliwa kidogo kuliko wote. Mashine inaiga kila kitu, pamoja na kulika kwake. Mimi nilichonga kopi ya kopi, ikafungua mlango na kukataa swichi, saa mbili usiku, mvua ya masika.

Ufunguo wa akiba uko kwa dada yangu Mwanakwerekwe. Zamani niliuweka kwenye droo ya gari. Usiulize.