Kutamka Majina ya Kubuni katika Gemu: Ushauri kwa Waigizaji wa Sauti Wanaoanza

Mwigizaji wa sauti anayeitwa kwa mara ya kwanza kurekodi gemu ya mazimwi, wachawi na falme za kale hujiandaa kwa hasira, vilio na vicheko vya mhusika wake, naye anafanya vyema. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, kinachosimamisha kazi studioni mara nyingi zaidi ni jina: neno lisilopatikana katika kamusi yoyote, ambalo huenda mwandishi alilibuni kwa kalamu bila kulitamka, na ambalo sasa watu wengi wasiojuana wanatakiwa kulitamka kwa namna ile ile. Ninawaandikia ninyi mnaoingia katika kazi hii mkiwa wazungumzaji wa Kiswahili, kwa kuwa katika jambo hili ulimi wetu una nguvu zake na mitego yake.

Waigizaji wa gemu kwa kawaida hawarekodi pamoja kama wafanyavyo waigizaji wa redio. Kila mmoja huingia peke yake kwenye kibanda, huku mwongozaji na fundi wa sauti wakimsikiliza kutoka upande wa pili wa kioo au kupitia intaneti, na mara nyingi mistari yake huwa imepangwa kwenye lahajedwali kwa namba za mafaili badala ya mtiririko wa hadithi. Anayeigiza mfalme anaweza kuwa amemaliza kazi miezi kadhaa kabla yako wewe unayeigiza binti yake. Ninyi wawili mkilitamka jina la mji wenu kwa namna mbili, mchezaji atawasikia watu wa nyumba moja wasioujua mji wao, na imani yake katika ulimwengu ule itakuwa imepungua hata kama mmeigiza vizuri kiasi gani.

Kwa hiyo, kabla hujaanza kuikariri mistari yako, omba mwongozo wa matamshi. Studio makini huwa nao: majina yote ya watu, miji, silaha na miungu, kila moja limegawanywa kwa silabi, silabi yenye mkazo imeandikwa kwa herufi kubwa, na pembeni pana faili fupi la sauti. Lisikilize faili hilo hata kama maandishi yanaonekana kueleweka, kwa sababu maandishi yaliyotengenezwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza humpotosha msomaji wa Kiswahili kirahisi.

Wala msidhani kwamba jina likishaandikwa huwa tayari lina matamshi yake. Katika Final Fantasy X, iliyotoka mwaka 2001, mhusika mkuu ni Tidus, lakini kwa kuwa mchezaji anaruhusiwa kumpa jina jingine, hakuna anayelitamka jina hilo katika mazungumzo yenye sauti. Wachezaji wa Kiingereza wakagawanyika, wengine wakisema «Tai-das» na wengine «Tii-das», na ni gemu nyingine zilizomtaja kwa sauti ndizo zilizothibitisha matamshi ya pili. Kwa Kijapani anaitwa Tiida, neno la Okinawa lenye maana ya jua, na aliyeuliza asili ya jina alikuwa na jibu mapema. Mazoea ya kuuliza jina limetoka wapi yatakuokoa mara nyingi kuliko kipaji cha kukisia.

Mtego wetu mkubwa ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, na tumeuzoea mpangilio huo kiasi kwamba hatusikii tunapoubeba kwenda kwenye majina ya wengine. J.R.R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa riwaya ambaye majina yake yametumika katika gemu nyingi, aliacha kanuni zilizo wazi katika viambatisho vya juzuu la mwisho la The Lord of the Rings, lililotoka mwaka 1955. Jina lenye silabi mbili, kwa kawaida mkazo huwa kwenye ya kwanza. Likiwa refu zaidi, mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho endapo silabi hiyo ina irabu ndefu, au irabu mbili zilizoungana, au irabu inayofuatwa na konsonanti mbili. La sivyo, husogea hadi silabi ya tatu kutoka mwisho. Isildur basi hutukubali kama tulivyo, kwa sababu mkazo wake upo kwenye «sil». Lakini Legolas, ambaye Mswahili angemwita «le-GO-las», ni «LE-go-las», na Galadriel ni «ga-LA-dri-el». Denethor anahitaji uangalifu zaidi: «th» ni sauti moja ijapokuwa imeandikwa kwa herufi mbili, na kwa hiyo mkazo unarudi mwanzoni, «DE-ne-thor».

Katika kanuni hizo hizo tuna faida ambazo wenzetu wa Kiingereza huzitafuta kwa mazoezi. Irabu tano za Tolkien zinakaribiana mno na zetu. «Dh» ya Caradhras ni ile ya dhahabu, na «th» ni ile ya thamani. «Ch» yake, hata hivyo, haisomwi kama ya chai. Ni sauti ya kooni anayoitoa mtu wa pwani anaposema «kheri», na wengi wetu wa bara tunapaswa kuifanyia kazi. Herufi «c» daima ni «k», kwa hiyo Celebrimbor, anayesikika katika Middle-earth: Shadow of Mordor ya mwaka 2014, huanza kwa «ke». Angalia pia konsonanti za mwisho, kwa maana ulimi wetu hupenda kuongeza irabu, na «Isilduru» huwa mtu mwingine kabisa.

Kuhusu alama ya ritifaa inayojaa katika majina kama Kael'thas au Lae'zel, haina maana moja: huenda ikawa kituo kifupi cha koo, au mpaka wa silabi, au pambo tu la macho. Sisi tuliozoea «ng'» ya ng'ombe tusiibebe sauti hiyo kila tunapoiona alama hiyo. Uliza.

Ukishalijua jina, lifanyie mazoezi katika hali zote litakamotumika. Litamke kwa mnong'ono, kwa kelele za vitani, kwa pumzi ya mtu anayekufa. Unapoita kwa mbali, vuta irabu ya silabi yenye mkazo bila kuuhamisha mkazo wenyewe. Zingatia vilevile uhusiano: mtu hatamki jina la kaka yake kwa uangalifu wa mgeni anayelisoma kwenye bango, bali hulipitia haraka. Waigizaji wengi wapya hulikamilisha jina kwa usahihi mkubwa kisha wakalisimamisha peke yake katikati ya sentensi, na kosa hilo mimi naliona zito kuliko irabu iliyopinda kidogo.

Unapokuwa na shaka, uliza kabla ya kurekodi mstari. Iwapo waandishi hawajaamua, pendekeza kurekodi matoleo mawili, na fundi ayatie alama.

Katika toleo la Kiswahili uamuzi huo unaweza kuwa wenu. Binti anayeitwa Ciri katika The Witcher 3 ya mwaka 2015 ni «Siri» kwa waigizaji wa Kiingereza na «Tsiri» kwa wale wa Kipolandi, kwa kuwa kila toleo lilichagua na kushikilia. Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, inaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, na majina kama Zau na Kalunga yalitukuta tuko nyumbani. Gemu nyingine hazitakuja na majina rahisi hivyo. Ukiwa wa kwanza kurekodi, kaa na mwongozaji mapema, mkubaliane kuhusu kila jina, ulitamke polepole na kisha kwa kasi ya mazungumzo, na faili hilo likabidhiwe kwa kila mwigizaji atakayefuata.